Jina Lililotafuta Mwili

Katika nchi ile jua halikutua, kwa hiyo kesho haikuja yenyewe. Ililetwa na Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyegonga meza kwa kirungu chake cha mbao na kusema, "Tunaahirisha hadi kesho," nasi tukainuka, tukanyoosha migongo, tukaenda kulala mchana kweupe huku mapazia yamefungwa, kisha tukarudi na kukuta jua limesimama palepale, juu ya mlima uleule wa barafu, na kumbe imekuwa kesho. Mwanzoni nilidhani nitazoea. Baadaye nikaanza kujiuliza jambo la kipuuzi ambalo bado linanisumbua: ikiwa mtu hana usiku wa kukaa peke yake, huo upweke wake anauweka wapi? Mimi nilitembea nao mfukoni, pamoja na glavu. Nilikula nao na kulala nao, na hakuna aliyeniuliza nimebeba nini.

Nilikuwa Mtazamaji. Msidhani najidharau, hicho kilikuwa cheo. Nchi yangu haina barafu ila ile iliyo katika majokofu ya wauza soda, lakini ilitaka ionekane kwamba ilikuwapo siku kilele cha dunia kilipokuwa kikigawanywa, ikanituma mimi na Balozi Sikudhani. Yeye asaini, mimi nikae. Watazamaji tulipangwa kwenye viti vya ukutani. Tulipewa vipokea sauti vya masikioni, maji ya kunywa na blanketi la miguu. Mdomo hatukupewa. Kusema ilikuwa mwiko, kukohoa kulivumiliwa, kupiga makofi ruhusa. Jina langu hakuna aliyelitaja tangu nilipofika. Hata Balozi, mtu wa kwetu kabisa, aliniita "kaka" tukiwa wawili na "Mtazamaji" tukiwa mbele za watu, na karibu muda wote tulikuwa mbele za watu.

Mezani walikaa mataifa ya Kaskazini, kila moja nyuma ya kibendera chake. Mwisho wa meza palikuwa na kiti kisicho na bendera. Hicho kilikuwa cha Watu wa Barafu, ambao walikuwapo pale kabla bendera hazijashonwa. Juu ya mlango wa ukumbi yalichongwa maneno: Hakuna neno litakalopita kabla wao hawajaulizwa. Niliyasoma mara nyingi kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Yanasema kuulizwa. Hayasemi kusikilizwa. Kati ya hayo mawili pana bahari nzima, na humo ndimo yalimotokea haya ninayoyasimulia.

Aliyekalia kiti kile alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye magoti mabovu na macho ya kucheka, jina lake Ivalu. Kazi yake aliifanya kwa namna iliyowatoa wenziwe jasho katika baridi ile. Mwenyekiti akimuuliza, "Je, watu wako wanakubali?" hakujibu. Aliinuka, akavaa koti lake la ngozi ya sili, mnyama wa bahari ile ya baridi, akatoka nje, akashuka hadi kambini kwa watu wake pale chini barafuni, akawauliza. Hakuwauliza kwa pamoja. Alimuuliza kila mtu peke yake, akaketi naye, akanywa chai yake. Ukumbini tulisubiri. Wakalimani walisinzia, wajumbe walitazama saa zao, ndege zao zikawaacha. Kwetu husemwa haraka haraka haina baraka, lakini aliyeisema hakuwahi kukaa na wajumbe wenye ndege ya kuwahi. Mwishowe Ivalu alirudi, akakung'uta theluji mabegani, akasema kwa upole, "Nimewauliza. Bado hawataki."

Walichokuwa hawakitaki ni kufunguliwa kwa Mlango. Ndivyo tulivyouita: ule mkono mwembamba wa bahari kati ya nchi mbili, ulioziba kwa barafu mwaka mzima. Meli za mataifa yote ziliutamani, kwa sababu ungefupisha safari ya dunia. Watu wa Barafu waliutembea kwa miguu na kwa mbwa. Ng'ambo ya pili kulikuwa na sili wao na makaburi yao. Barafu ile ikivunjwa, ndugu wa upande huu na ndugu wa upande ule wangebaki kupungiana mikono. Basi ukabaki kufungwa, si kwa nguvu ya sheria, bali kwa magoti ya bibi mmoja apandaye na kushuka.

Siku moja, kama naweza kuiita siku, alipita karibu na kiti changu akirudi kutoka kambini, akatoa mfukoni kipande cha samaki mkavu, akanitia mkononi.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mtazamaji."

"Unatazama nini?"

"Bado sijaambiwa."

Akacheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo hakupita bila kunipa samaki. Nilikula nikiwa nimeinama ili Balozi asione.

Kisha Ivalu akafa. Aliketi kuvaa viatu ili ashuke kambini, hakuinuka tena. Niliambiwa na mtu wa chai.

Mwenyekiti aliitwa Ansgar, na kabla hamjaanza kumchukia, naomba mjue alikuwa mtu mwema. Alilia mbele ya mataifa yote bila kujificha. Alisimama, akalitazama lile koti la sili lililobaki limetundikwa kwenye kiti, akasema Baraza limepoteza mama. Akasema haitoshi kusimama kimya. Akasema ile meli mpya kubwa ya kuvunja barafu, iliyojengwa kwa ushirikiano wa mataifa yote na iliyokuwa ikingoja gatini bila jina, ipewe jina lake. "Ili Ivalu," akasema, na sauti ikamkatika, "asiondoke Kaskazini milele." Wajumbe wakainuka kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana bila kuuliza miji mikuu yao. Ukumbi ukajaa makofi, na mimi nikapiga, nikapiga kwa moyo, kwa sababu nilimpenda yule bibi na sikuruhusiwa kufanya jingine.

Nyuma ya kiti kitupu alikaa binti yake, Pipaluk, mwanamke wa makamo kama mimi. Yeye hakupiga makofi. Alijiziba mdomo kwa kiganja na kubaki hivyo mpaka ukumbi ulipotulia.

Alinikuta kwenye birika la chai.

"Ulipiga makofi," akasema.

"Kila mtu alipiga."

"Sikumuuliza kila mtu."

Nikamimina chai ambayo sikuitaka. Alisimama karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira. Akaniambia kwamba kwao mtu akifa jina lake hulazwa. Halitajwi na yeyote. Linatoka kwenye mwili limechoka, linalala, mpaka azaliwe mtoto au apatikane mtu wa kulipokea. Akilipokea, basi ndiye. Hakumbushi, ndiye mwenyewe amerudi. "Mimi nitamwita mama hata akiwa ananyonya," akasema. "Nitamuuliza kama magoti yamepoa."

"Na sasa?"

"Sasa mmelitaja mbele ya chuma. Kesho Mwenyekiti atasimama gatini, atavunja chupa kwenye pua ya meli, ataliita. Jina likiitwa linaamka, na likiamka linamwingia anayeitika. Asipokuwapo wa kuitika, litaingia katika kile kilichosimama mbele yake."

"Itakuwa meli yenye maandishi tu ubavuni."

"Kwenu, ndiyo. Kwetu atakuwa mama. Atakuja kwenye Mlango, ataivunja barafu tunayoitembea, nasi tutasimama kando tukimwangalia. Kwetu mtoto hamfokei mama yake. Hamzuii njia. Akipita tutampungia mkono, Mtazamaji, na tutamwambia ahsante kwa kuja."

Nikaiweka ile chai chini. Ndipo nilipouona ukubwa wa jambo lenyewe. Mataifa yalikuwa yametafuta njia ya kumpita Ivalu kwa miaka, kwa ahadi na kwa karamu, yakashindwa. Leo yameipata bila kuitafuta, yakiwa yanalia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mjanja unaweza kumnasa. Lakini mle ukumbini hapakuwa na mjanja hata mmoja, palikuwa na watu wema wenye msiba, na wema wao ulikuwa unawazika wenzao wakiwa hai.

Tulikwenda kwa Mwenyekiti. Alimpokea Pipaluk kwa mikono miwili, akamketisha, akamsikiliza hadi mwisho. Macho yake yakalowa tena.

"Binti yangu," akasema, "ni heshima. Hatukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuomba, sikuja kugomba."

"Lakini azimio limepita kwa kauli moja; kiti chenu kilikuwa kitupu, hapakuwa na wa kuulizwa. Kuliondoa kunahitaji kauli moja vilevile. Nimeshawauliza wajumbe. Mmoja amesema lazima aulize mji mkuu wake, na mji mkuu wake sasa hivi haupokei simu. Huko kwao ni usiku."

"Basi tungoje kuche."

Ansgar akatazama dirishani, kwenye jua lisilotua, kwa uso wa mtu aliyekwama. "Kesho imeshapangwa," akasema. "Mimi ni Mwenyekiti tu."

Nje, upepo ulikuwa ukikata masikio. Pipaluk akatembea mbele yangu, kisha akageuka.

"Watu wangu wote wamemlilia," akasema. "Aliyemlilia marehemu halipokei jina lake, litamkuta amejaa machozi, halina pa kukaa. Mwaka huu hakuna mwenye mimba kambini. Ng'ambo ya Mlango ni mbali, na habari imeshafika, nako wamelia. Anatakiwa mtu aliyekula chakula mkononi mwake na ambaye hakumlilia."

Nilijua anakokwenda kabla hajafika. Nilitamani anijie kwa sababu nzuri zaidi, kwamba mimi ni mwerevu, au kwamba Ivalu alinitaja. Lakini alinitazama na kusema ukweli wake kama ulivyokuwa: "Wewe ulipiga makofi."

Nilimwomba muda. Akanipa, ingawa hakukuwa na muda wa kupeana katika nchi ile.

Nilikwenda kukaa ukumbini, kwenye kiti changu cha ukutani, na ukumbi ulikuwa mtupu. Mimi ni nani? Niliuliza kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunikataza. Mimi ni blanketi la miguu. Mimi ni mikono miwili ya kupigia makofi. Nimetumwa na watu milioni kadhaa ambao hawajui kwamba wamenituma. Nawawakilisha vipi? Je, ninapokaa, nao wanakaa? Ninapokula samaki kwa siri, nao wanashiba? Bibi Ivalu alikuwa na watu mia chache na alimuuliza kila mmoja wao. Mimi nina mamilioni na sijamuuliza hata mmoja kama anataka nikae hapa. Basi nani kati yetu alikuwa na kiti, na nani alikuwa kiti?

Halafu nikamkumbuka mama yangu. Kwetu pia majina hutembea. Mimi nilipewa jina la baba yake mzazi, na kwa sababu hiyo mama hakuniita mwanangu hata siku moja; aliniita baba. Watoto wa jirani aliwatuma dukani kwa kelele, mimi aliniambia, "Baba, ukipata nafasi, chumvi imekwisha." Nikikosa hakunichapa mbele za watu. Alikwenda nyuma ya nyumba akaunung'unikia ukuta, kisha akarudi akanipakulia chakula. Watu waliona ni mzaha wa kawaida, na ulikuwa mzaha, lakini alipougua, mzaha ukaisha, akanishika mkono akalia, "Baba usiniache," na sauti ilikuwa ya mtoto kabisa. Nilikuwa baba wa mama yangu kabla sijaota ndevu. Siku alipokufa nilifiwa mara mbili kwa maiti moja: nilifiwa na mama, nikafiwa na binti. Tangu hapo jina lile nimelibeba lakini halina kazi. Hakuna anayelihitaji. Linaandikwa kwenye tiketi.

Kwa hiyo sikumwona Pipaluk kuwa mshirikina. Nilimwona kuwa jirani. Kilichonishika moyo ni kitu kingine, na nilipomrudia ndicho nilichomuuliza kwanza.

"Nikilichukua la mama yako, langu litakwenda wapi?"

"Mwili mmoja haulali na majina mawili," akasema. "Lako tutalilaza."

"Litaamka lini?"

Alifikiri sana kabla ya kujibu, na nikajua kwamba hanidanganyi. "Siku atakapoliita mtu anayelihitaji. Mtu huyo akiita, utaitika tu, hata ukiwa wapi, nasi hatutakuzuia. Unaye?"

Nilivaa glavu zangu. Nilisema, "Twende."

Kambini walikuwa wamekaa ndani ya hema moja kubwa la ngozi, wazee kwa vijana, kimya. Hawakunishangilia. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mgeni aliyeletwa kuchumbia. Karibu na taa ya mafuta alikaa mzee Uusaq, mume wa Ivalu, kichwa kikiwa kimeinama. Pipaluk alichota theluji safi, akaitia kinywani mwake mpaka ikayeyuka, akayatema yale maji kwenye kiganja na kunigusisha midomoni. Yalikuwa na joto. Kisha akainama sikioni mwangu, akanong'ona jina ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja mle ndani tangu msiba.

Mtataka kujua nilihisi nini. Sikuhisi malaika. Nilihisi magoti yakiuma.

Uusaq akainua kichwa. Alinitazama ndevu, akanitazama tai, akanitazama viatu vyangu vya mjini ambavyo havikufaa hata kidogo. Midomo ikaanza kumcheza.

"Umechelewa kurudi," akasema.

"Nilipotea njia," nikasema, na sijui maneno yale yalitoka wapi.

"Siku zote unapotea pale kwenye mwamba. Nakwambia pinda kushoto, husikii." Akasogea, akanipa nafasi kwenye ngozi aliyoikalia. "Kaa. Miguu yako baridi."

Nikakaa. Akaichukua miguu yangu bila kuomba ruhusa, akaitia chini ya koti lake, kwenye tumbo lake, na akaendelea kuninung'unikia habari za mbwa mmoja mgonjwa. Watu wakaanza kuzungumza. Mtu akacheka. Mwanamke mmoja mzima mwenye wajukuu akaniletea kikombe, akaniita shangazi. Nilikuwa sijaguswa na mtu kwa muda mrefu sana, nami nasema wazi kwamba nililia, na Uusaq akaniambia niache, jina likingali jipya halipendi maji.

Nilipotoka kwenda gatini, nimevishwa koti la sili, saa zilikuwa zimechanganyika. Kuna mahali njiani nilijiona kwa nyuma: mtu mfupi, koti la sili, akichechemea, na nilimfuata hadi alipopinda kwenye mwamba, kulia, pasipotakiwa. Nilipofika pale sikumkuta. Nilikuta nyayo, na zilinitosha.

Meli ilikuwa kubwa kupita haja. Ilikuwa nyekundu, na ubavuni herufi nyeupe zilikuwa zimefunikwa na kitambaa. Bendera za mataifa yote zilipigwa na upepo. Watu wa Barafu walisimama pembeni kwenye barafu yenyewe, nyuma ya kamba, Pipaluk mbele yao. Watazamaji tulipangwa safu yetu, karibu na ngazi, ili tuonekane kwenye picha. Balozi Sikudhani alinitazama koti nililovaa, akanishika kiwiko.

"Kaka, hilo vazi umelitoa wapi? Rudi nyuma kidogo, wanapiga picha."

Mwenyekiti Ansgar akapanda jukwaani na chupa mkononi. Alizungumza juu ya ushirikiano, na aliamini kila neno. Alisema hapakuwahi kuwa na meli iliyojengwa na mikono mingi hivi. Kisha akavua kofia, nywele zake nyeupe zikapeperuka, akainua uso kuuelekea ule ukuta wa chuma, na akaita kwa sauti ya mtu anayemwita mzazi aliye chumba cha pili.

"Ivalu."

Hapakuwa na sauti gatini ila minyororo. Nilimwona Pipaluk ameshika kamba kwa mikono miwili. Nilijua kinachotakiwa: neno moja. Lakini niliona pia mengine. Watazamaji hawasemi. Nikisema, nchi yangu imesema bila kutumwa. Na upande wangu, ndani, jina langu la zamani lilikuwa bado halijafumba macho vizuri, lilinitazama kama mtoto anayejifanya amelala. Nilikuwa nimelibeba tangu kuzaliwa. Halikuwahi kunikosea. Niliona huruma kuliacha katika baridi ile, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayeweza kulitamka sawasawa.

Chupa ikaanza kupanda.

Kwetu mwanamume akiitwa huitika naam; mwanamke huitika abee. Hufundishwi mara mbili, unakua nalo. Nilifungua mdomo ili niseme naam, kama nilivyolelewa.

"Abee," nikaitika.

Sauti ilitoka nyembamba na ya kizee, ikavuka ngazi, ikafika kwenye barafu. Watu wa Barafu wakashusha pumzi kwa pamoja, nikaona mvuke wao ukipanda. Mwenyekiti akasimamisha mkono hewani. Akatafuta kwa macho. Labda alidhani ni upepo, kwa sababu aliita tena, polepole zaidi, na sasa alikuwa anauliza.

"Ivalu?"

"Abee, mwanangu. Nipo."

Ansgar akaishusha chupa. Wajumbe walinong'onezana, mmoja alikuwa tayari amenyanyua simu. Lakini yeye alishuka jukwaani, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama kwa muda. Alikuwa mtu wa sheria, na najua alikuwa na majibu mengi ya sheria kinywani. Hakuyatoa. Pengine naye alikuwa amemkosa sana yule bibi. Pengine kuwa Mwenyekiti wa dunia ya juu ni kazi ya ukiwa kuliko ya kukaa ukutani.

"Mama Ivalu," akasema, kwa uangalifu wa mtu anayejaribu barafu kwa mguu mmoja. "Ulikuwa wapi?"

"Nilipotea njia kidogo."

"Hii meli..." Hakumaliza. Akatazama kile kitambaa. "Sasa itaitwaje?"

"Iite utakavyo. Mimi siimo."

Hapo Pipaluk akaivuka kamba. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye pua ya meli, akaipiga ngumi, na chuma kikalia. "Jinga wewe," akaiambia. "Pipa la mafuta. Njoo kwenye Mlango uone." Aliifokea kwa nguvu zake zote, machozi yanatiririka, na nyuma yake watu wakaja mmoja mmoja kuitukana, wazee kwa watoto, wengine wakicheka, wengine wakiipiga mateke. Haikuwa ya mtu. Haikuwa mama wa yeyote. Sasa wangeweza kusimama mbele yake siku itakapokuja, na siwaahidi kwamba wangeshinda, lakini wangesimama.

Balozi Sikudhani alinijia wakati kelele hizo zikiendelea. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akanishika mkono wa koti, akanivuta kando, na kwa mara ya kwanza tangu tufike katika nchi ile akaniita kwa jina langu mbele za watu. Alilitamka vizuri, kama linavyotamkwa kwetu, akaongeza na la baba yangu. Kisha akasema, "Unatutia aibu. Rudi mahali pako, kiti kiko wazi."

Nililisikia. Ndani yangu kitu kiligeuka ubavu, kikatega sikio. Kilisikiliza kwa makini nani anayeita, na anaita kwa haja gani. Nilingoja pamoja nacho; nakiri nilitamani kiinuke. Kikajifunika tena.

Balozi akaniita mara nyingine, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. Sikuitika. Akanitazama kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu, akaniomba radhi, akaenda zake akishuka ngazi kwa tahadhari kwa sababu ya utelezi. Alikuwa mtu wa mwisho katika dunia ile aliyelijua jina hilo, na alikuwa ameliita kwa ajili ya kiti.

Pipaluk alirudi akihema, vifundo vya mkono wake vinavuja damu, anacheka. Kila mtu gatini alikuwa amempata mtu wake.

"Mama," akasema, "baridi itakuingia. Twende nyumbani."

Nikaenda naye.